Mkubwa akitangaza kwamba ardhi ya jirani ni yake, ni nini humzuia? Greenland, Kagera na sisi wa mpakani

#1 MwanaKyotera (mleta uzi)

Wadau, salaam. Jumapili nilipeleka mahindi Mutukula, mji wetu wa mpakani na Tanzania, nikaingia mkahawa mmoja karibu na maegesho ya malori kunywa chai. Runinga ilikuwa kwenye habari za Greenland. Mzee niliyekaa naye meza moja aliweka kikombe chini, akasikiliza hadi mwisho, akasema: "Haya maneno niliyasikia redioni Novemba 1978. Sauti tu ndiyo tofauti." Hakuongeza neno. Akalipa chai yake akaondoka, na mimi wiki nzima sijatulia.

Kwa ambao hawakufuatilia. Agosti 2019 Trump alisema anataka kuinunua Greenland, kisiwa kilicho chini ya Denmark, waziri mkuu wa Denmark Mette Frederiksen akajibu kwamba hilo ni wazo la kipuuzi, na Trump akafuta ziara yake ya Copenhagen. Tarehe 7 Januari 2025 aliulizwa kama anaweza kuahidi kwamba hatatumia jeshi wala kubana uchumi ili aipate Greenland au Mfereji wa Panama. Akakataa kuahidi. Kanada nayo akawa anaiita jimbo la 51. Januari 2026 akatishia kuzipandishia ushuru nchi 8 za Ulaya kwa ajili ya Greenland hiyo hiyo, kisha siku chache baadaye huko Davos akasema hatatumia nguvu na ushuru akauweka pembeni.

Ninavyoona mimi, mkubwa hazuiwi na kitu ila nguvu nyingine. Idi Amin, aliyetangaza 1978 kwamba Kagera ya Tanzania ni ya Uganda, hakurudishwa na karatasi, alirudishwa na mizinga. Denmark haina mizinga ya kuitisha Marekani, kwa hiyo Greenland inaishi kwa huruma. Anayeona vingine anieleze. Na swali la pili: nchi yenye kila kitu inatamani kipande cha jirani kwa nini?

#2 Kijana_wa_Kisenyi

Madini, kaka. Chini ya ile ardhi kuna madini adimu ya kutengenezea simu, magari ya umeme na makombora, na soko lake leo limeshikwa na China. Ongeza barafu inayoyeyuka na njia za meli zinazofunguka kaskazini. Swali la pili nimelimaliza, tubaki na la kwanza.

#3 Hajati_Bombo

Mwanangu wa Kisenyi, usifunge swali haraka hivyo. Kuchimba hakuhitaji bendera, kunahitaji leseni. Mgodi unaosemwa sana kule ni Kvanefjeld, upande wa kusini, na umekwama tangu bunge la Greenland lilipopiga marufuku uchimbaji wa urani mwaka 2021, maana madini yale yamechanganyika na urani na watu wa mji wa jirani wa Narsaq wengi hawakutaka vumbi lake. Na jeshi je? Kuna mkataba wa 1951 kati ya Marekani na Denmark unaoruhusu kambi. Kambi ya Pituffik, ambayo zamani iliitwa Thule, ipo hadi leo. Zamani za Vita Baridi Wamarekani walikuwa na vituo vingi kule kuliko sasa, wakaviacha wenyewe.

Mtu umempa ruhusa alime, ajenge na alale shambani kwako, na bado anadai hati iandikwe jina lake. Huyo hatafuti mavuno. Anatafuta jina.

Halafu mnazungumzia ardhi kama haina watu. Greenland ina watu kama 57,000. Waleteni wote Namboole: uwanja unabeba kama 45,000, elfu 12 watabaki nje. Wachache, ndiyo, lakini ni watu, wana bunge lao na lugha yao. Januari 2025 waliulizwa kwenye kura ya maoni kama wanataka kuwa sehemu ya Marekani: 85 kati ya 100 walisema hapana. Mleta uzi, hilo hukuliandika.

#4 MsomaRamani_Masaka

Naomba niwarudishe nyuma kidogo. Nimefundisha historia na jiografia miaka mingi, na kuna jambo moja linaloniuma kila nikipita Mutukula.

Tazameni ramani ya mpaka wetu na Tanzania upande wa magharibi wa Ziwa Victoria. Umenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Unafuata digrii 1 kusini ya ikweta, haujali mto, mlima wala kaburi la mtu. Mto Kagera unapita kusini ya mstari huo, kisha unajikunja kuja kwetu na kuingia Ziwani huku Uganda. Kile kipande kati ya mstari na mto ndicho Amin alichokitaka. Alidai kwamba mto ndio mpaka wa haki.

Mstari ule uliwekwa na mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani. Salisbury, waziri mkuu wa Uingereza, upande mmoja; Caprivi, kansela wa Ujerumani, upande wa pili. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuiona Kagera. Katika mkataba huo huo Wajerumani waliacha madai yao Uganda, wakakubali Uingereza iilinde Zanzibar, na wao wakapewa Heligoland, kisiwa cha Bahari ya Kaskazini ambacho unaweza kukizunguka kwa miguu asubuhi moja.

Sasa Heligoland ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya Denmark. Waingereza waliiteka mwaka 1807, na mkataba wa Kiel wa Januari 1814 ukaithibitisha kuwa yao. Mkataba huo wa Kiel ndio ulioinyang'anya Denmark nchi ya Norwei na kuipa Uswidi, lakini ukaiachia Denmark Iceland, visiwa vya Faroe na Greenland.

Ndiyo kusema karatasi iliyoiacha Greenland mikononi mwa Denmark ndiyo iliyowapa Waingereza kile kisiwa, na kisiwa hicho kikaingia kwenye biashara iliyochora mstari wa Mutukula. Mzee wa mkahawani hakukosea. Hadithi hizi mbili zilianzia meza moja.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la pili ni ramani yenyewe. Mipaka ilipigwa na watu waliokuwa wanabadilishana visiwa na mito kama watu wanaobadilishana mbuzi, na kila mwenye nguvu anayekuja baadaye anaona naye ana haki ya kubadilishana.

#5 Nakawa_Usiku

Mwalimu, hili la Heligoland sikuwahi kulisikia. Asante sana. Chapati yangu ya mayai imepoa nikikusoma.

#6 Fundi_Jinja

Mwalimu nakuheshimu, ila ramani haiamki asubuhi ikavamia jirani. Mtu ndiye anayevamia, na ana sababu zake za nyumbani.

Mchukue Amin wa 1978. Jeshi lilikuwa limegawanyika. Makamu wake Mustafa Adrisi aliumia vibaya kwenye ajali ya gari Aprili mwaka ule, na watu wake hawakuamini kwamba ni ajali tu. Bei ya kahawa ilikuwa imeshuka toka kilele cha 1977, na Oktoba 1978 Marekani ikapiga marufuku biashara na Uganda. Sukari hakuna, sabuni hakuna, kila kitu magendo. Mtawala ambaye nyumba yake inawaka moto anapiga kelele kwamba jirani amemwibia shamba. Mwaka ule ule akadai na magharibi ya Kenya.

Na huko Marekani tazameni hivyo hivyo. Mtu anayeonekana anaongeza ramani ya nchi yake anapigiwa makofi nyumbani, hata kama hajaongeza hata futi moja.

#7 Lori_Malaba

Fundi, hapo pa Kenya sahihisha. Ilikuwa Februari 1976, siyo 1978. Amin alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya na kusini mwa Sudan zilikuwa za Uganda. Kwa hesabu yake Uganda ingefika kama kilomita 32 kutoka Nairobi.

Na katika historia hakutunga yote. Kweli jimbo la mashariki la Uganda ya zamani lilifika Naivasha. Reli ilipofika Kisumu Desemba 1901, Waingereza wakaona heri reli nzima iwe chini ya serikali moja, na Aprili 1902 wakalihamishia jimbo hilo upande wa pili. Ndiyo maana iliitwa Reli ya Uganda ingawa karibu yote iko Kenya.

Lakini tazama alivyozuiwa. Hakuna risasi. Wakenya waliandamana, na wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wakakataa kugusa mizigo ya Uganda. Nchi isiyo na bahari inapofungiwa bandari, mafuta yanaisha. Amin akalegeza maneno. Mleta uzi anasema ni mizinga tu inayozuia, mimi nasema hata makuli wanaweza.

#8 MwanaKyotera

Lori, umenibana. Ila 1978 Tanzania haikuwa na bandari ya kumfungia, ikabidi iwe vita.

Ngoja niseme ninayoyajua nyumbani. Majeshi ya Amin yalivuka mwisho wa Oktoba 1978, na tarehe 1 Novemba redio ikatangaza kwamba eneo lote hadi Mto Kagera sasa ni Uganda. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa ili Watanzania wasivuke. Marehemu baba alikuwa kijana wa miaka 19. Alisema jambo la kwanza waliloliona kijijini halikuwa bendera wala mkuu wa wilaya mpya. Walikuwa ng'ombe. Askari waliwaswaga ng'ombe wa watu kutoka ng'ambo, mamia kwa mamia, vumbi hadi jioni, na wakawauza kwa bei ya kutupa. Watu wetu walinunua. Baba alisema babu alinunua mmoja, jike jekundu mwenye sikio lililochanwa mara mbili, alama ya wenyewe.

Januari 1979 Watanzania wakaja. Sauti za makombora ya saba saba zilisikika usiku kucha, na Mutukula ikasawazishwa kwa tingatinga, haikubaki nyumba. Familia ikakimbilia porini. Waliporudi, siku moja mtu mmoja akatokea nyuma ya wale tuliowaita Bakombozi, yaani wakombozi, askari wa Tanzania, akasimama kwenye zizi letu, akamshika yule jike sikio, akamwita kwa jina. Ng'ombe akageuka.

Babu alimpa kamba bila neno. Baba alikuwa akifika hapo anakaa kimya, na mimi leo nakaa kimya hapo hapo.

#9 Hajati_Bombo

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu wote. Sisi Wanubi wa Bombo tuna yetu ya mwaka ule, nayo ni mazito. Askari wa Amin alipokuwa amefanya kosa, aliyelipa ni kila aliyesema Kiswahili au Kinubi nyumbani. Sitaki tuhame kwenye mada, lakini anayetangaza kumega nchi ya watu awafikirie na wa kwake atakaowaacha nyuma. Amin aliishi Saudia hadi 2003.

#10 Mjukuu_wa_Lado

Nawasoma nikiwa Arua. Mnazungumza kuhusu kuhamishwa kana kwamba ni jambo la Kagera peke yake. West Nile tumehamishwa bila kuvamiwa.

Mwaka 1894 Waingereza walimkodisha Leopold wa Ubelgiji eneo la Lado kwa maisha yake yote, yaani mkataba uishe siku atakapokufa. Alikufa Desemba 1909. Mwaka 1910 eneo likarudi Sudan. Mwaka 1914 kipande cha kusini, ambacho ndicho West Nile, kikaingizwa Uganda, na Uganda ikaiachia Sudan ardhi ya mashariki ya Nile pande za Gondokoro na Nimule. Mtoto aliyezaliwa hapa 1905 alikuwa chini ya Leopold, akawa Msudani akiwa na miaka 5, akawa wa Uganda akiwa na 9, na mlango wa nyumba yao haukusogea. Katikati pale, wakati haieleweki nani ana mamlaka, wawindaji wa pembe walimiminika wakaua tembo bila hesabu.

Sasa Mwalimu wa Masaka, nakuuliza kwa heshima: kama ramani mbaya ndiyo inayoleta vita, mbona sisi hatujadai kitu? Ndugu zetu Wakakwa na Walugbara wako Kongo na Sudan Kusini. Tunavuka kuzika, tunavuka kuoa. Hakuna aliyesema tuchukue Aru au Yei.

#11 MsomaRamani_Masaka

Swali zuri, Mjukuu, nalo linaipunguza nguvu hoja yangu, nakubali. Labda ramani huwa kuni, halafu panahitajika mtu wa kuwasha. Hapo Fundi ana haki yake. Ila bado sikubali kwamba sababu zote ni za nyumbani. Putin alipoitwaa Krimea mwaka 2014 hakuwa na nyumba inayowaka moto.

#12 Mvuvi_wa_Majanji

Mimi sina historia ya vitabu. Nina Migingo.

Asiyefika aelewe: ni jabali ndani ya Ziwa. Ukubwa wake unaweza kusema nusu ya uwanja wa mpira au chini ya hapo. Juu yake mabati, mabati, mabati, yameshikana hadi maji yanapoanza. Kuna duka, kinyozi, mahali pa kunywea, mizani ya samaki. Jirani yake kuna kisiwa kikubwa zaidi, kitupu. Watu wamejazana kwenye kile kidogo kwa sababu pale ndipo wanunuzi walipozoea kufika na barafu. Mputa, yaani sangara, wa maji yale ni wa kilo nyingi, na kibofu chake kikikaushwa kinasafirishwa Asia kwa bei inayozidi nyama yenyewe.

Polisi wa Uganda wako pale tangu miaka ya 2000. Kipimo kinasema kisiwa kiko mita kama 500 upande wa Kenya. Mwaka 2009 karibu iwe vita ya maneno kati ya wakubwa, na Rais Museveni akasema kisiwa ni cha Kenya lakini maji ni ya Uganda. Nyie mnaoketi bara mnaona hilo ni jambo la sheria. Mimi nyavu zangu 40 zilichukuliwa na watu wenye sare, na hadi leo sisemi ni wa nchi ipi, maana nikisema, wa nchi ile wananisubiri majini. Waliniuliza: "Unavua kwa kibali cha nani?" Nilikuwa nacho kimoja. Walitaka kingine.

Kwa hiyo mimi na Kijana wa Kisenyi tuko pamoja. Ni mali. Pangekuwa hakuna mputa, Migingo ingekuwa ya kunguru.

#13 Kijana_wa_Kisenyi

Nimesema mimi! Hajati, umesikia mvuvi?

#14 Hajati_Bombo

Nimesikia, na nakupa Migingo. Greenland sijakupa.

#15 Wakili_Mbarara

Mleta uzi aliita sheria karatasi. Naomba nipinge, kwa sababu karatasi hiyo imetugharimu sisi wenyewe.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945, ibara ya 2 kifungu cha 4, unakataza kutumia nguvu na pia kutishia kutumia nguvu dhidi ya ardhi ya nchi nyingine. Someni vizuri: hata kutishia. Afrika tukaongeza la kwetu. Julai 1964 huko Cairo marais wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, waliapa kuheshimu mipaka kama ilivyokuwa siku ya uhuru, pamoja na ubaya wake wote. Somalia na Moroko hawakulikubali azimio hilo, na mnajua vita vilivyofuata Ogaden na Sahara Magharibi.

Je, lina meno? Mwaka 2002 Mahakama ya Haki ya The Hague iliamua kwamba rasi ya Bakassi ni ya Kameruni. Nigeria, jitu la Afrika Magharibi, ikaondoa jeshi lake 2006. Na sisi: Desemba 2005 mahakama hiyo iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria kwa majeshi yake kule Kongo, Ituri hasa. Februari 2022 ikatuamuru tulipe dola milioni 325, kwa mafungu ya milioni 65 kila mwaka. Fungu la kwanza tulilipa mwaka ule ule. Hizo ni fedha za kodi yako, MwanaKyotera, za mahindi yako.

#16 Kijana_wa_Kisenyi

Wakili, umetaja Nigeria na Uganda. Sasa nitajie mwenye kura ya turufu aliyewahi kulipa.

Krimea: Machi 2014 Urusi ikaitwaa. Baraza Kuu likapiga kura tarehe 27: nchi 100 zikasema Krimea ni ya Ukraine, 11 zikapinga, 58 zikajizuia. Septemba 2022 Urusi ikatangaza majimbo mengine manne. Oktoba nchi 143 zikapinga utwaaji huo. Na Ukraine ndiyo ile iliyokubali mwaka 1994, kwa mkataba wa Budapest, kuachana na silaha za nyuklia kwa ahadi kwamba mipaka yake itaheshimiwa. Waliotia saini ahadi: Urusi, Uingereza, Marekani. Sheria ni wavu wa Mvuvi wetu: dagaa wananasa, mamba anapita na wavu wenyewe.

#17 Lori_Malaba

Na Uganda mara zote mbili ilijizuia. Mimi hilo linanisumbua. Nchi ambayo imeona Kagera na moto wake, ikiulizwa kama ni halali kumega nchi ya mwenzako, inakaa kimya. Kenya ya 2014 pia ilijizuia, lakini 2022 ikapiga kura ya kupinga utwaaji. Balozi wao Martin Kimani alisimama Baraza la Usalama Februari 2022 akasema kwamba Waafrika nao wangetaka mipaka ifuate damu na lugha, wangekuwa bado wanapigana hadi leo. Niliisikiliza nikiwa foleni ya Malaba, nikaona kijana wa jirani amesema yangu.

#18 Wakili_Mbarara

Lori, kujizuia si kuunga mkono. Uganda ilikuwa inasema haifungamani na upande wowote, na 2024 ikapokea uenyekiti wa Jumuiya hiyo ya kutofungamana pale Munyonyo. Lakini nakubali: kutofungamana na upande katika ugomvi ni jambo moja, na kutosema wizi ni wizi ni jingine.

Kijana, Iraki iliimeza Kuwait Agosti 1990 ikaiita mkoa wake wa 19. Februari 1991 ilikuwa imetoka. Indonesia iliitwaa Timor Mashariki, na Timor ni nchi huru tangu 2002. Sheria inachelewa, lakini mkono wake uliwahi kufika.

#19 MwanaKyotera

Wakili, Kuwait ilikombolewa na mizinga. Umerudi kwangu.

#20 Jirani_wa_Beni

Mimi ni Mkongo, navuka Mpondwe kila wiki, ninawasoma kwa kuwa Kiswahili ni chetu sote. Niruhusuni neno. Mmehesabu wanaotangaza. Kwetu hawatangazi. Goma ilichukuliwa na waasi wa M23 Januari 2025, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika ripoti baada ya ripoti kuhusu msaada wa Rwanda, ambao Rwanda inaukana. Ramani haijaguswa hata kidogo. Ukifungua atlasi, Goma ni Kongo. Lakini kodi inalipwa kwa mwingine, kizuizi kina mwingine, na shamba la dada yangu huko Masisi linalimwa na watu asiowajua. Kunyakuliwa kimya kimya nako ni kunyakuliwa. Wakili, hilo nalo liko ibara ipi?

#21 Wakili_Mbarara

Ndugu, pole sana. Ibara ni ile ile ya 2, na kesi ya 2005 niliyoitaja ilihusu jambo la namna hiyo hasa: nchi ilishitakiwa bila kutangaza kwamba imechukua chochote. Ila shamba la dada yako halijarudi kwa ibara, najua.

#22 Nakawa_Usiku

Na ile ya bahari je? Novemba 2025 Mzee, Rais Museveni, alisema Bahari ya Hindi ni yetu pia, kwamba anayeishi ghorofa ya juu hawezi kunyimwa uwanja wa chini, na kwamba siku za mbele huenda pakawa na vita. Na Oktoba 2022 mwanawe Muhoozi aliandika Twitter kwamba Nairobi ataichukua kwa wiki mbili.

#23 Lori_Malaba

Siku ile ya wiki mbili nilikuwa Nakuru na gari limebeba saruji. Mama wa hoteli aliyenizoea miaka 8 aliniletea chakula akasema, "Kula haraka, mnatuvamia." Alikuwa anacheka, mimi pia nilicheka, lakini usiku ule sikulala ndani ya gari kama kawaida, nililipia chumba. Sijui kwa nini. Rais aliomba radhi kwa Wakenya siku chache baadaye, na mimi nikamrudia yule mama nikamwambia, umesikia? Akasema nimesikia. Maneno ya mkubwa ni mepesi kwake, lakini sisi ndio tunaopita nayo kwenye kizuizi.

#24 Wakili_Mbarara

Kuhusu bahari: sheria ya bahari ya 1982 inazipa nchi zisizo na pwani haki ya kupita kwenda baharini na kurudi, ibara ya 125, lakini kwa makubaliano na jirani. Kupita ni haki. Kumiliki ufukwe si haki. Na bomba letu la mafuta la kilomita 1,443 linaenda Tanga kwa makubaliano hayo hayo.

#25 Fundi_Jinja

Hakuna aliyeuliza juu ya kununua. Marekani ilinunua Alaska 1867 kwa dola milioni 7.2, na mwaka 1946 Truman aliwapa Denmark dola milioni 100 za dhahabu kwa Greenland, wakakataa. Kama wote wanaridhika, kosa liko wapi?

#26 MsomaRamani_Masaka

Liko kwenye neno "wote". Denmark iliwahi kuwauzia Marekani visiwa vyake vya Karibi, 1917, dola milioni 25. Wadenmark walipiga kura Desemba 1916 kuamua. Wakazi wa visiwa, wengi wao wajukuu wa watumwa, hawakuwa na kura ile. Na katika biashara hiyo hiyo Marekani iliandika tamko kwamba haitapinga Denmark kuitawala Greenland yote. Mwaka 1916. Sahihi ipo.

#27 Hajati_Bombo

Basi turudi kwa wale 57,000. Tangu 2009 sheria ya Denmark yenyewe inawatambua kuwa ni taifa lenye haki ya kujiamulia, hata kujitenga wakitaka. Wengi wanataka uhuru siku moja. Hawataki Denmark ya milele, na Marekani hawajaiomba. Hoja ya jeshi, ya madini, ya sheria, zote zinawapita juu ya vichwa vyao.

#28 MwanaKyotera

Nimerudi Mutukula leo. Yule mzee nimemkuta meza ile ile. Nilimuuliza kama siku ile ya redio walijiona wamepata ardhi. Akafikiri muda mrefu. Akasema alikuwa na shangazi ameolewa ng'ambo, kijiji cha upande wa Kyaka, na mawazo yake yalikuwa: sasa kwa kuwa ni Uganda, shangazi atakuja Krismasi bila kuulizwa pasi. Hakuja. Baada ya vita alikwenda kumtafuta, akakuta msingi wa nyumba na mgomba umeanguka mlangoni.

Nilimwambia habari za Heligoland. Aliniomba nirudie jina la kisiwa mara mbili.

#29 Mvuvi_wa_Majanji

Mwalimu, ile ramani ya 1890 unayo? Iweke hapa tuone kama wale watu waliichora Migingo.

#30 MsomaRamani_Masaka

Ninayo nakala kwenye kitabu cha zamani cha shule. Umeme ukirudi nitaipiga picha. Lakini nakwambia mapema, Mvuvi: pale kwako ni maji meupe matupu.